Donda Ndugu: Kinga ya Mwili, Mchochota na Saratani



Nitaanza na mguu wa mzee mmoja. Alikuja kliniki miaka kadhaa iliyopita akiongozana na binti yake, suruali ameikunja upande mmoja hadi gotini. Alikuwa mkulima wa pamba. Kwenye muundi wa kushoto alikuwa na kidonda kipana kama kiganja, kimefungwa kwa kipande cha kanga. Tulipokifungua tukakuta unga wa kapsuli za rangi mbili umegandamana na usaha. Nikamwuliza, "Mzee, hiki kilianza lini?" Akaniambia aliunguzwa na uji wa moto enzi zile bado mtoto wa kuchunga ndama. Kovu likabaki, ujanani likapasuka, na tangu hapo linafunga na kufunguka. "Ni donda ndugu tu, mwanangu," akasema. "Tumezoeana." Binti yake ndiye aliyetueleza kilichowaleta: harufu ilikuwa imebadilika, na kingo za kidonda zimeanza kuinuka na kuwa ngumu.

Tukakata kinyama pembezoni mwa kidonda, kikapelekwa maabara. Majibu yakarudi: saratani ya ngozi.

Siku hizi mnalikuta neno donda ndugu zaidi magazetini, mwandishi anapoilalamikia rushwa. Leo naomba tulirudishe mwilini lilikotoka, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo sayansi ya saratani ilichukua zaidi ya miaka 100 kulikubali. Mzee yule hakuvuta sigara. Kidonda chake kilikaa chini ya bandeji, hakikuchomwa na jua. Kilichomletea saratani ni mwili wake mwenyewe, uliojaribu kumponya kwa zaidi ya miaka 40 bila kumaliza kazi. Saratani za namna hii, zinazoota juu ya makovu na madonda ya zamani, madaktari wamezipa jina la Marjolin, mpasuaji wa Paris aliyeeleza vidonda vya aina hiyo mwaka 1828. Kwetu si jambo la vitabuni.

Mwaka 1863 huko Berlin, Rudolf Virchow alieleza kwamba saratani hupenda kuota mahali ambapo mwili umesumbuliwa kwa muda mrefu. Katika vipande vya uvimbe alivyovitazama kwa hadubini, alikuta chembe nyeupe za damu, zile zile zinazokimbilia kidondani. Zilikuwa zinafanya nini ndani ya saratani? Swali hilo likawekwa kando. Mwaka 1986 mtaalamu wa patholojia wa Boston, Harold Dvorak, aliufananisha uvimbe wa saratani na kidonda kisichopona: mishipa mipya ya damu, majimaji yanayovuja, chembe nyeupe, nyuzi za kovu, vyote vimo. Niliposoma makala yake kwa mara ya kwanza nilijiambia kwamba bibi yangu angemwelewa bila mkalimani. Jina tayari alikuwa nalo.

Tuelewane kuhusu maneno kwanza. Kiswahili chetu kina neno uvimbe, na neno hilo linabeba mizigo miwili. Mguu uliochomwa na mwiba una uvimbe. Titi lenye saratani lina uvimbe. Mama akiniambia mwanawe ana uvimbe shingoni, sijui bado kama ni jipu, tezi ya kifua kikuu au saratani, mpaka nimshike. Kwa hiyo leo lile la kwanza, la joto, wekundu, kuvimba na maumivu, nitaliita mchochota. La pili nitaliita uvimbe.

Sasa mchochota unafanyaje kazi? Umechomwa na mwiba wa mgunga unyayoni. Dakika chache baadaye mishipa midogo ya damu inapanuka, ndiyo maana pale panakuwa pekundu na pa moto. Kuta za mishipa zinalegea, majimaji yanavuja, panavimba. Chembe nyeupe zinapenya na kuanza kuua vijidudu vilivyoingia na mwiba. Silaha yao mojawapo ni kemikali ya jamii moja na ile iliyo ndani ya Jik mnayofulia shuka nyeupe. Mwili unaitengeneza wenyewe na kuimwaga hapo hapo. Baadaye zinafika chembe kubwa zinazomeza uchafu na mizoga. Hizo hizo ndizo zinazotoa amri ya ukarabati: seli za jirani zigawanyike kuziba pengo, mishipa mipya iote, nyuzi za kovu zisukwe. Kisha kila mmoja anarudi kwake. Kwa mtu mwenye afya, siku kumi na kazi imekwisha.

Kila kitu kimo katika hilo neno "kisha". Ikiwa mwiba haukutoka, amri haifutwi. Kemikali ile kali inaendelea kumwagika, na haichagui: inaunguza vijidudu na inaunguza vinasaba vya seli za mwenye mwili. Papo hapo seli hizo hizo zinahimizwa kugawanyika, na kila seli inapogawanyika inanakili maandishi ya vinasaba yenye herufi zipatazo bilioni 6. Mnakiliji anayehimizwa aende mbio huku karatasi zake zinaungua atakosea. Makosa mengi hayana madhara. Ila kwa miaka 20 au 30 linapatikana kosa linaloipa seli uwezo wa kugawanyika bila kuamriwa, na seli hiyo inajikuta mahali palipokwisha kuandaliwa kwa ajili yake, penye mishipa ya damu na amri za kukua.

Kwetu mwiba wenyewe una majina, na la kwanza nitakalolitaja ni kichocho.

Mnayajua malambo na majaruba ya mpunga ya Shinyanga na Simiyu, na vijito vya Unguja na Pemba. Mtoto anaingia majini kuoga au kuteka, mabuu yaliyotoka kwa konokono yanapenya ngozi. Minyoo ikikomaa inakaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu, na jike anataga mayai kila siku. Kila yai lina mwiba mdogo nchani. Ukiliona kwenye hadubini halikusumbui kulitambua. Mayai mengine yanatoboa ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo, ndiyo ile damu ya mwisho wa mkojo. Mengine yananasa ukutani yasitoke tena. Kinga inayazingira, inayachoma, inajenga kovu kuyazunguka, na mwaka unaofuata kuna mengine. Nimetazama vipande vya vibofu vya wanaume wa umri wa miaka 40 na kitu nikakuta mayai yamegeuka chokaa, yamepangana kama kokoto kwenye zege, na pembeni yake saratani.

Theodor Bilharz alimgundua mnyoo huyo Cairo mwaka 1851. Mwaka 1911, Cairo hiyo hiyo, Ferguson aliandika kuhusu uhusiano wake na saratani ya kibofu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon lilimthibitisha rasmi mnyoo huyo kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu mwaka 1994. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ipo. Mmeiona shuleni: mwalimu anamsimamisha mtoto kwenye kijiti chenye alama, urefu wake unaonyesha ameze vidonge vingapi. Ni vichungu, watoto wanakunja nyuso, wengine wanavitema nyuma ya darasa. Kidonge kile kilichotemwa kilikuwa kinga dhidi ya saratani. Misri, ambako kwa miongo mingi saratani ya kibofu iliongoza miongoni mwa wanaume, ilipokipunguza kichocho na saratani ya kibofu ya aina hii ikapungua.

Miiba mingine nitaipitia haraka. Homa ya ini aina B: kirusi chenyewe hakiui sana seli za ini. Anayeziua ni askari wa kinga anayekisaka humo kwa miaka mingi, ini likajaa makovu, na ndani ya makovu ikaota saratani. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikashuka. Watoto wetu wanaipata katika chanjo ya pamoja ya miezi ya mwanzo. Tumboni yumo bakteria wa vidonda vya tumbo. Mwaka 1984 Barry Marshall wa Perth, Australia, alimnywa makusudi ili athibitishe kwamba ndiye anayeuwasha ukuta wa tumbo, naye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Ulimwenguni kote, kwa hesabu za mwaka 2018, saratani mpya zipatazo milioni 2.2 zilitokana na maambukizi, yaani karibu 13 katika kila 100.

Na chai. Saratani ya umio, njia ya chakula, ina ukanda wake unaoshuka mashariki mwa Afrika kutoka Ethiopia hadi kusini, ukipitia magharibi mwa Kenya, Kilimanjaro na Malawi. Sababu zake hazijaisha kuchunguzwa, lakini vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 vimewekwa tangu 2016 katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani, na watafiti waliopima chai ya maziwa Kilimanjaro walikuta watu wanaianza ikiwa juu ya hapo. Chai yetu maziwa yanachemshwa humo humo, haipoi kwa kuongezewa maziwa baridi mezani. Umio unaunguzwa asubuhi na jioni, kila siku. Nawaomba, mpeni mgeni chai na muda wa kuongea kabla hajainywa.

Mtu akiondoka ukumbini sasa hivi atakwenda kusema daktari kasema kinga ya mwili ni adui. Nisikilizeni upande wa pili.

Mwaka 2003 madaktari wa Uskoti walitoa taarifa ya wagonjwa wawili waliopandikizwa figo za marehemu mmoja. Wote wawili wakapata melanoma, saratani kali ya ngozi, na haikuwa yao: seli zake zilikuwa za marehemu. Kumbe marehemu alitibiwa melanoma miaka 16 kabla ya kifo chake, na kila mtu aliamini amepona. Seli zilikuwa zimebaki mwilini mwake, na kinga yake ikazishikilia muda wote huo zisifanye lolote. Figo zilipohamia kwa watu wanaomeza dawa za kushusha kinga ili mwili usizikatae, seli zile zikakosa mlinzi. Mimi habari hii inanigusa kuliko jedwali lolote. Miaka 16 mtu amekula, amelala, amefanya kazi, na ndani yake ulinzi haukusinzia hata usiku mmoja.

Nasi tulishuhudia hayo kwa wingi bila kuhitaji Uskoti. Uvimbe wa Kaposi, yale mabaka meusi ya miguuni, ulijulikana katika nchi za Maziwa Makuu hata kabla ya UKIMWI, zaidi kwa wazee wanaume. VVU vilipoivunja kinga, ukawa ugonjwa wa vijana, ukaingia mdomoni na mapafuni. Kirusi kinachouleta kilitambuliwa mwaka 1994. Dawa za kufubaza VVU zilipofika, kuna wagonjwa ambao mabaka yao yalinywea kwa dawa hizo peke yake. Hakuna aliyewapa dawa ya saratani. Walirudishiwa walinzi. Shingo ya kizazi ni hivyo hivyo: wanawake wengi huambukizwa kirusi cha papiloma na kinga yao hukifuta ndani ya mwaka mmoja au miwili, lakini anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hiyo mara 6 ya mwenzake.

Pande hizi mbili zilikutana katika taya la mtoto mmoja, Kampala. Mwaka 1957 Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago mzaliwa wa Ireland, aliitwa amwone mtoto mdogo aliyevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Hakuwahi kuona jipu la namna hiyo. Wiki chache baadaye, Jinja, akamwona mtoto mwingine wa vile vile. Akaanza kuandikia hospitali za mbali kuuliza. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walichukua gari la Ford lililokwisha kutumika, wakasafiri yapata kilomita 16,000 kwenda kusini na kurudi, hospitali kwa hospitali, wakionyesha picha na kuuliza: mnawaona watoto hawa? Ramani iliyotoka ilifanana na ya malaria. Kwenye baridi na miinuko, uvimbe ule haupo.

Mwaka 1963 kipande cha uvimbe huo kilipakiwa ndege Kampala kwenda London kwa mtafiti Anthony Epstein. Ukungu ukaifunga London, ndege ikatua Manchester, na chupa ilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Mtu mwingine angeyamwaga. Epstein akaweka tone kwenye hadubini, akakuta ule uchafu ni seli za uvimbe zenyewe, hai, zinaelea. Zikakuzwa, na mwaka 1964 yeye na wenzake Achong na Barr wakakiona ndani yake kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Lakini kirusi hicho karibu kila mtu duniani anacho, na wengi hakiwadhuru. Tofauti inaletwa na malaria inayomrudia mtoto tena na tena. Inazichochea seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, zigawanyike mfululizo hadi vipande vya vinasaba vinakatika na kuunganishwa pasipo pake. Na inazichosha seli T zilizopaswa kukidhibiti kirusi. Kinga inachochewa na kuchoshwa kwa wakati mmoja, katika mwili ule ule. Anayetandika chandarua kitandani kwa mtoto anafanya kazi ya daktari wa saratani.

Je, ulinzi uliolala unaweza kuamshwa? William Coley, mpasuaji wa New York, alilijaribu hilo mwaka 1891. Alikuta kumbukumbu ya mgonjwa ambaye uvimbe wake wa shingoni uliyeyuka baada ya kupata maambukizi makali ya ngozi, akamtafuta mtaani hadi akampata mzima. Akaanza kuwadunga wagonjwa bakteria. Wengine walipona, wengine homa iliwaua, na mionzi ilipoingia hospitalini akasahaulika. Ilibidi tusubiri mpaka James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani waonyeshe kwamba seli T zina breki, na kwamba saratani hujua kuikanyaga breki hiyo. Dawa ya kwanza ya kuiachilia iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, na wao wawili wakapewa Nobel mwaka 2018. Rais mstaafu wa Marekani, Jimmy Carter, alitangaza mwaka 2015 kwamba melanoma imemfika ubongoni. Akatibiwa kwa upasuaji, mionzi na dawa ya jamii hiyo, akafa Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 100.

Dawa hizo kwetu dripu moja ni mamilioni ya shilingi, na haziwasaidii wote. Zina jambo lingine ambalo nataka mlisikie vizuri. Breki ikiachiliwa, seli T zinaweza kuugeukia mwili: utumbo unachubuka, mapafu yanajaa mchochota, tezi zinaharibika. Hivyo ndivyo kinga iliyopandishwa kweli inavyokuwa, na dawa zake hutolewa hospitalini kwa uangalizi. Wapo pia waliojaribu njia ya kinyume: mwaka 2017 yalitoka majibu ya utafiti wa watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, waliopewa dawa ya kuzima ujumbe mmoja wa mchochota. Vifo vya saratani ya mapafu vilipungua miongoni mwao. Vifo vya maambukizi vikaongezeka.

Basi ukipandiwa ndani ya basi na muuza unga wa "kuongeza kinga" anayedai unatibu saratani, umwulize anaongeza ipi. Ile iliyozishikilia seli za saratani za yule marehemu wa Uskoti miaka 16, au ile iliyomla mzee wangu muundi miaka 40? Ni kinga hiyo hiyo. Haijazwi kama tangi. Nimewapokea akina mama waliopoteza miezi sita na unga huo, titi likiwa limekwisha kupasuka, na kila ninapokumbuka moyo unaniuma.

Mzee yule tulimkata mguu chini ya goti. Saratani haikuwa imepanda tezi za kinenani, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anatembea kwa gongo na kumgombeza mjukuu. Laiti angekuja miaka 10 kabla, kidonda kingesafishwa, kikapandikizwa ngozi, na mguu ungekuwepo.

Kwa hiyo nawaomba. Kidonda kilichopita miezi mitatu bila kufunga, kikakatwe kinyama. Mtoto anayekojoa damu apelekwe zahanati kesho asubuhi, asiambiwe anakua. Mwenye VVU asiruke siku ya dawa, na kama ni mama, akapimwe shingo ya kizazi. Na kama nyumbani kuna binti wa miaka 9 hadi 14, chanjo yake ya shingo ya kizazi Tanzania ni sindano moja, na hailipiwi.